Ngoma ya Masikioni Mwangu

Hebu tuanze na neno lenyewe, msomaji mwenzangu. Kwa Kiswahili chetu, ngoma ni kile chombo cha mti na ngozi. Ngoma vilevile ni mchezo wenyewe, watu wamezunguka uwanja, vumbi linapanda, akina mama wanapiga vigelegele. Na mtaani siku hizi ngoma ni wimbo wowote mkali. Sikinde na Msondo, majina ambayo wapenzi wa dansi hapa Dar wanayajua kwa bendi, yalikuwa majina ya ngoma za Wazaramo kabla bendi hazijayachukua. Neno moja limebeba chombo, sauti, watu na siku yenyewe. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kuvitenganisha.

Sasa mimi nataka kununua ngoma ambayo haina ngozi, haina mti, haina uwanja, na atakayeisikia ni mtu mmoja tu, yaani mimi mwenyewe na hedifoni zangu. Je, hiyo bado ni ngoma?

Swali hili lilizuka kijiweni, wala halikutoka darasani. Nilikuwa nawaeleza washikaji kwamba nimeanza kudunduliza senti ili nipate zile ngoma za umeme za kujifunzia nyumbani. Mmoja wao, ambaye amejifunza ngoma kanisani tangu akiwa na miaka kumi na moja, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema: "Hiyo si ngoma bwana, hiyo ni kompyuta unaichapa viboko." Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Maneno ya mshikaji yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wa namna hiyo haukuachii mpaka uujibu.

Kwanza niseme kwa nini sinunui ngoma za kawaida. Naishi ghorofa ya tatu, kwenye jengo la vyumba vingi, kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia "afya". Seti ya ngoma za kawaida ikipigwa kwa nguvu hufika desibeli 100 na kupita. Chini yangu anaishi mama mmoja ambaye ni muuguzi. Mara nyingi anaingia kazini usiku na kurudi asubuhi, hivyo wakati mimi nina nafasi ya kupiga, yeye ndiyo kwanza anavuta shuka. Ukisema basi nipige usiku akiwa kazini, kuna familia zingine zenye watoto wa shule. Nimejaribu kutafuta saa ambayo jengo zima liko macho na lina furaha. Haipo.

Wengine watauliza: mbona arusi zinapigwa mpaka alfajiri na hakuna anayelalamika? Wanaolalamika wapo, tena wengi, ila wananung'unikia ndani. Lakini kweli kuna tofauti hapa, na tofauti yenyewe haiko kwenye ukubwa wa sauti. Arusi ya jirani umeletewa kadi, umetoa mchango, utapata sahani ya pilau, na unajua kesho haipo. Kelele yake una fungu ndani yake. Kelele ya mtu anayejifunza haina fungu la mtu mwingine yeyote. Ni mdundo uleule, unakosewa palepale, mara mia mbili, kisha kesho tena. Hata mama yako mzazi hawezi kuipenda. Ndiyo maana nasema anayejifunza ana deni kwa jirani kuliko fundi aliyekwishaiva: fundi anagawa kitu, mwanafunzi anachukua tu.

Kwa hoja hiyo ngoma za umeme zinaonekana ni jibu safi kabisa. Taratibu! Hapa ndipo matangazo ya madukani yanapotupiga chenga.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Chini ya kila sahani ya kupigia kuna kihisio kidogo kinachoitwa piezo, ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Ukipiga kwa nguvu umeme unakuwa mwingi, ukigusa polepole unakuwa kidogo. Umeme huo unakwenda kwenye kisanduku chenye sauti zilizohifadhiwa, nacho kinakuletea masikioni sauti ya ngoma au ya toazi. Kumbe basi kile ulichopiga na kile ulichosikia ni vitu viwili mbalimbali. Mkono umepiga plastiki, sikio limesikia ngozi.

Lakini plastiki nayo ina sauti yake. Kampuni ya Simmons ya Uingereza ilipotoa ngoma zake zenye pembe sita mwaka 1981, zilikuwa ngumu kama meza, na wapigaji wengi walilalamika kwamba zinawaumiza viwiko na viganja. Baadaye ikaja mipira. Mpira unaokoa kiganja, ila chumbani unasikika: tap, tap, tap, kama mtu anakatakata vitunguu kwa hasira. Mwaka 1997 Roland wakatoa seti yao ya TD-10 yenye ngozi za wavu, walizozitengeneza kwa kushirikiana na Remo, watu wa ngozi za ngoma. Wavu unapitisha hewa, hivyo kelele inapungua sana, na kijiti kinaruka juu karibu na kinavyoruka kwenye ngoma ya kweli. Siku zile lilikuwa jambo la matajiri. Leo hata seti za bei ya chini za kuanzia unazipata zenye wavu, na kwa maoni yangu mtu anayeishi na watu asinunue za mpira kama anaweza kungoja miezi miwili mitatu aongeze mshiko.

Ila adui mkubwa wa jirani haumo mikononi, umo mguuni! Hili sikulijua mpaka fundi mmoja anayefunga vyombo vya bendi aliponikalisha chini. Pedali ya besi inapiga kwa nyundo. Nguvu ya nyundo ile inashuka kwenye chuma, chuma kinaipeleka sakafuni, na sakafu yangu ndiyo dari ya yule mama. Mimi juu nimevaa hedifoni, nasikia muziki mtamu, najiona mstaarabu kupindukia. Yeye chini anasikia du, du-du, du, bila wimbo, bila toazi, bila kujua kinachoendelea. Yaani nimemwondolea sehemu yote yenye maana nikamwachia mtikisiko. Nikiulizwa kelele ipi ni mbaya zaidi kati ya wimbo mzima na hiyo, sina hakika kwamba nitataja wimbo.

Ndiyo sababu nacheka nikiona boksi limeandikwa "sauti mia tatu". Sauti mia tatu ni zangu. Mguu mmoja ni wetu sote. Kijana anayekwenda dukani akauliza kwanza ina sauti ngapi, huyo ananunua akiwa peke yake duniani. Anayeuliza pedali inagonga nini, na sehemu ya kugongwa ni laini kiasi gani, huyo anakumbuka kwamba ana watu chini yake. Dawa ya fundi yule ilikuwa mbao mbili pana na mipira ya tenisi katikati, iliyokaa kwenye matundu ili isitambae, kisha zulia nene juu yake, halafu seti. Mipira inanyonya mtikisiko kabla haujafika sakafuni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya seti, lakini wengi hawaiweki kwenye bajeti, kwa sababu si kitu cha kumwonyesha mshikaji akija kukutembelea.

Nilishuka kwa yule mama kabla sijanunua chochote. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akanikaribisha chai. Nikamweleza nia yangu, na habari za wavu na mipira ya tenisi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, kelele tumezizoea. Mimi kinachonimaliza ni kutokujua itaisha saa ngapi."

Nimeyafikiria sana maneno haya. Nilishuka na hesabu za desibeli, yeye akanijibu habari za saa. Mtu anaweza kuvumilia mengi akiwa ameambiwa. Kwa hiyo hata mashine iliyo kimya kuliko zote hainiondolei wajibu wa kugonga mlango. Nadhani hapa ndipo tunapojidanganya sisi vijana wa mjini: tunanunua vifaa vya kutuwezesha tusiongee na mtu, halafu tunaita heshima.

Turudi kwa mshikaji wa kijiweni, maana hoja yake bado iko hai. Alinikumbusha jinsi yeye alivyojifunza. Alikuwa akipotea mdundo, kwaya nzima inageuka kumtazama. Wazee walizomea, watoto walimcheka. Aibu ile ilimfundisha kushika mdundo kuliko mwalimu yeyote. Je, mimi na hedifoni zangu atanizomea nani? Mbaya zaidi, kisanduku kina sifa ya kubembeleza. Hata pigo la hovyo kinalirudisha likiwa limepambwa, lina mwangwi wa ukumbi mkubwa. Unaweza kukaa mwaka mzima ukijiona fundi, kisha ukapanda jukwaani ukagundua mkono wako hauna lugha, unajua kupiga kwa nguvu tu, kunong'ona hujui.

Hapo nakubaliana naye nusu. Kubembelezwa ni hatari, hasa kwa anayeanza. Ndiyo maana katika kuchagua naangalia kama sahani ya snea inatofautisha kweli pigo dogo na kubwa, nami nitaizima ile mwangwi ya kujipamba, nijisikie nilivyo. Wapo wanaosema anza na kipande cha mpira na metronomu tu, mikono ijue adabu kwanza, na sina ugomvi nao. Lakini nusu ya pili simkubalii. Kwaya ilikubali kumvumilia mshikaji kwa sababu alikuwa wao. Yule muuguzi hakujiandikisha kuwa mwalimu wangu. Siwezi kuutumia usingizi wake kama shule yangu, eti kwa sababu wazee wetu walijifunza hadharani. Wazee hao walikuwa na uwanja. Mimi nina futi kumi kwa kumi na mbili.

Na kuna jirani mwingine ambaye hatumtaji, nalo ni sikio langu mwenyewe. Kelele niliyoiondoa chumbani nimeihamishia kichwani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa zinavyopungua haraka. Mpiga ngoma mwenye hedifoni anaongeza sauti kidogo kidogo ili asikie "raha", na hakuna wa kumgongea ukuta. Hedifoni za kuziba vizuri zinasaidia, kwani huhitaji kushindana na honi za daladala. Zaidi ya hapo ni mtu na nafsi yake.

Basi nimeamua hivi. Seti ndogo ya wavu, sehemu ya besi iliyo laini, na kisanduku chenye tundu la kuchomeka spika. Fedha nyingine zinakwenda kwenye mbao, zulia, kiti kigumu na hedifoni. Siku za kazi nitapiga saa moja tu, na saa yenyewe imebandikwa kwenye mlango wa ngazi. Lile tundu la spika ni kwa ajili ya mshikaji. Jumamosi moja kila mwezi nitaubeba mzigo mpaka kwenye uwanja wa nyuma, watu wazomee wanavyotaka. Mama wa chini ameniuliza itaanza saa ngapi. Nimemwambia saa tisa alasiri. Akauliza tena, na itaisha?

Saa kumi na moja, nikamjibu, umeme usipokatika.