Hatia ya Mtu wa Juu

Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, vuli na masika. Nje ya misimu hiyo mitaro ya mji hukaa mikavu, na mtaro mkavu ni kitu ambacho macho hukidharau upesi. Mpita njia huona shimo refu la zege kando ya barabara, halina maji wala mlinzi. Hutupa humo kifuu cha dafu au chupa tupu, kisha huenda zake na moyo mweupe. Hakumpiga mtu, hakumwibia mtu, hakumtukana mtu. Je, mtu huyu amekosa? Na ikiwa amekosa, amemkosea nani?

Siulizi kwa nia ya kuwahukumu wengine. Zamani, nilipokuwa na gari kuukuu, nilibadilisha oili kwa mkono wangu nyuma ya nyumba. Nilipomaliza nilibaki na kopo la oili chafu, nyeusi kama lami. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikalimimina mtaroni. Kuimwaga kwenyewe naweza kukuita ujinga. Kule kutazama kulia na kushoto sijapata jina lake jingine, maana mtu asiyejua kosa lake hana haja ya kutazama pande mbili.

Watu wengi hudhani kwamba kila mtaro wa mji huishia mahali ambapo maji husafishwa. Sivyo. Maji machafu ya vyooni, pale penye mabomba yake, yana njia yake. Maji ya mvua yana njia nyingine, nayo imechimbwa ili iyatoe maji mjini upesi, basi. Kiingiacho mtaroni ndicho kitokacho mtoni au baharini. Mitaro mingi ya mji huu humwaga maji yake katika Mto Msimbazi, ambao hutoka katika vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini penye mikoko karibu na Daraja la Selander. Mkoko hupumua kwa mizizi iliyochomoza topeni. Mizizi hiyo ikipakwa mafuta, mti hukosa pumzi. Sijui kama oili yangu ilifika huko. Najua kwamba njia ilikuwa wazi mbele yake.

Takataka ngumu hudhuru kwa namna nyingine. Hukaa chini ya kalavati, hushikana na mchanga, zikangoja. Mwezi wa Desemba, 2011, mvua kubwa iliushukia mji, na watu wapatao 40 walikufa. Wengi waliookoka bondeni walihamishiwa Mabwepande. Haitakuwa haki kusema kwamba takataka ndizo zilizowaua, kwani mvua ilizidi kipimo, na bonde la Jangwani ni njia ya mto tangu kabla ya mji. Lakini mtaro ulioziba hauchukui maji, na maji yaliyonyimwa njia hubisha hodi majumbani.

Hapo ndipo mtu wa kifuu husimama akajitetea: “Kifuu changu kimoja hakiwezi kuziba mtaro. Hata nisingalikitupa, mafuriko yangalikuja.” Kwa hesabu amesema kweli, na ndiyo sababu utetezi huu ni mgumu kuujibu. Haba na haba hujaza kibaba: methali hii twaitumia kumsifu mwenye kuweka akiba, wala hatupendi kukumbuka kwamba kibaba cha uharibifu nacho hujazwa vivyo hivyo. Ikiwa kila mmoja wetu ana haki ya kujitoa katika hesabu, basi mtaro umezibwa na nani? Mimi naona kwamba hatia haigawanyiki kama mkate. Watu kumi wakitoa ushahidi wa uongo juu ya mtu mmoja, hakuna anayebeba sehemu ya kumi ya uongo. Kila mmoja amesema uongo mzima.

Juu ya hayo, kosa la mtaro lina hila ambayo makosa mengine hayana. Hutendwa kiangazi, likalipwa masika. Hutendwa na mtu wa juu, akalilipa mtu wa bondeni. Mwenye nyumba mlimani ana mamlaka juu ya jirani asiyemjua, mamlaka ambayo hakuchaguliwa wala hakuyaomba. Amepewa na mwinamo wa ardhi tu. Nashangaa kwamba twajadili sana haki za mtawala na mtawaliwa, na mwinamo hatuutaji.

Hapa yupo mtu ambaye sina budi kumtetea. Mama ambaye gari la taka halifiki mtaani kwake, kwa kuwa njia ni nyembamba, atapeleka wapi takataka zake? Akizitupa mtaroni amekosa, lakini mji ulimtangulia kukosa, na aghalabu yeye mwenyewe ndiye akaaye bondeni. Mwenye gereji, mwenye mkahawa amwagaye mafuta ya kukaangia, na mimi mwenye gari, hatuna udhuru huo.

Sheria husaidia, ingawa huchelewa kuona. Nchini Marekani Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilishughulika kwanza zaidi na mabomba ya viwanda na ya maji machafu. Ilipofika mwaka 1987 ndipo Bunge lao lilipoagiza kwamba mitaro ya mvua ya miji nayo iwekwe chini ya vibali. Miaka 15 ilipita kabla barabara haijahesabiwa miongoni mwa wachafuzi. Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni, 2019, na mfuko ukaondoka mkononi. Oili haikukatazwa kununuliwa, wala haiwezekani.

Siku hizi oili chafu naipeleka kwa fundi, naye huimimina katika pipa lake. Mara moja nilimwuliza pipa likijaa huenda wapi. Alicheka, akaniambia kwamba mimi ni mteja wa kwanza kumwuliza, na sikuridhika na jibu hilo.