Waliongoja Ili Sisi Tujue



Leo tuongee kuhusu sonona, lakini tuingie kwa mlango ambao huwa hatuutumii. Kwa kawaida tukiligusa jambo hili swali linakuwa lile lile: "Frateri, nikimeza dawa za sonona, nimekosa imani?" Jibu lake ni fupi: hapana. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa sababu tabibu na dawa vyote ni kazi ya Mungu. Kama huoni aibu kutibiwa malaria, usione aibu kutibiwa sonona. Hilo tuliache hapo.

Swali langu la leo ni gumu zaidi. Je, ni halali kumwacha mgonjwa wa sonona bila tiba unayodhani itamsaidia, ili tu upate kujua kama tiba hiyo inafanya kazi kweli? Watafiti wanafanya hivyo. Na mimi naamini jibu lake linatugusa sisi tunaosali kuliko tunavyofikiri.

Vijiji 30

Mwaka 2002 watafiti kutoka Marekani, wakiwemo Paul Bolton na Myrna Weissman, walifanya utafiti kusini mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai. Ni jirani zetu kabisa, upande wa pili wa mpaka ukitokea Kagera. Ni eneo lililoumizwa sana na UKIMWI, kama Kagera yenyewe, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983.

Kabla ya kutibu, walisikiliza. Wanavijiji waliulizwa waeleze shida zao kwa maneno yao wenyewe, nao wakataja kwa Kiganda hali mbili: moja ni ya mtu kujichukia, nyingine ni ya mtu kujihurumia mpaka anakwama. Dalili walizozieleza zilikaribiana sana na kile ambacho madaktari wanakiita sonona. Kwa hiyo anayesema sonona ni ugonjwa wa Wazungu atujibu kwanza: mbona watu wa Rakai walikuwa na majina yake tayari?

Tiba yenyewe haikuwa kidonge, ilikuwa mazungumzo ya kikundi. Wanaume peke yao, wanawake peke yao, wanakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Anayewaongoza ni mwenyeji wa huko huko aliyepewa mafunzo ya wiki mbili, si daktari. Kila mmoja anaangalia hali yake ya moyo kwa wiki ile na kuihusisha na jambo lililotokea katika maisha yake: kifo cha mpendwa, ugomvi nyumbani, au badiliko kubwa kama vile kuanza kuishi na ugonjwa. Kisha wanasaidiana kutafuta hatua ya kuchukua.

Sasa hapa ndipo penye swali letu. Vijiji vilikuwa 30. Vikachaguliwa kwa bahati nasibu, yaani kama kupiga kura ya kuokota karatasi: nusu vikapata vikundi, nusu havikupata. Watu wa nusu ya pili walipimwa, wakaonekana wanaumwa, wakaachwa kama walivyokuwa. Hawakukatazwa kutafuta msaada mahali pengine, ila vikundi hawakupewa.

Je, ni Mlawi?

Ukisoma hivyo haraka haraka, unamkumbuka kuhani na Mlawi katika mfano wa Msamaria Mwema. Wamemwona majeruhi, wakapita kando. Tena hawa wa kwetu wamemwona, wakaandika kwenye karatasi kwamba anaumwa, ndipo wakapita! Na wale mliosoma falsafa mtamkumbuka Kant: mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Pingamizi hili ni zito, halifai kupuuzwa.

Lakini tuangalie tofauti moja. Mlawi alijua. Mtu anayevuja damu barabarani hahitaji utafiti, anahitaji kufungwa jeraha. Wale watafiti hawakujua. Tiba yao ilibuniwa Marekani, na wazo kwamba ingefaa Rakai lilikuwa ni tumaini tu. Watu wa Rakai wana namna yao ya kuomboleza, na namna yao ya kutunza siri za nyumba. Kuwaketisha watu waliofiwa na kuwaongelesha kila wiki kungeweza kuwasaidia, kungeweza kupoteza muda wao, na kungeweza hata kuwaumiza.

Msidhani naongeza chumvi. Kwa miaka mingi watu walionusurika ajali na majanga waliketishwa, mara tu baada ya tukio, wakatakiwa kusimulia kila kitu kwa kikao kimoja. Nia ilikuwa njema kabisa. Utafiti wa kulinganisha ulipofanyika ikaonekana kikao kile hakiwakingi, na tafiti nyingine zikaonyesha baadhi yao waliumia zaidi. Nia njema ni mwanzo wa upendo, lakini peke yake haitoshi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Sasa utamtakiaje mtu mema kwa dhati, halafu usijali kujua kama unachompa ni chema kweli?

Na kwa nini kura? Kwa sababu watafiti wangechagua wenyewe, wangeanza na walio karibu na barabara, wenye kuongea vizuri, au wanaofahamiana na mwenyekiti. Si ndivyo tunavyogawa vitu? Kura haijuani na mtu. Hata mitume, walipotaka kujaza nafasi ya Yuda, walisali kisha wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya (Mdo 1). Pale ambapo hakuna anayejua, na hakuna cha kutosha wote, kura ni namna ya kutompendelea mtu.

Ila kuna masharti, na Kanisa limeyasema mapema. Mwaka 1952 Papa Pius XII aliwaambia madaktari kwamba maendeleo ya sayansi, hata yakiwa mema namna gani, si thamani ya juu kuliko zote. Mtu hawezi kugeuzwa mali ya utafiti. Katekisimu inarudia jambo hilo inapozungumzia majaribio juu ya binadamu: lazima mhusika akubali kwa hiari, akijua anakubali nini, na asiingizwe katika hatari isiyo na uwiano. Mimi naongeza sharti moja linalotokana na hoja yangu yenyewe: kutojua kuwe kwa kweli. Ukishajua tiba inasaidia, ukaendelea kuwaacha watu bila hiyo ili upate namba nzuri zaidi, hapo umekuwa Mlawi.

Ile namba tunayoiruka

Matokeo yalitoka mwaka 2003. Mwanzoni, asilimia 86 ya waliopata vikundi na asilimia 94 ya wasiopata walikuwa na sonona iliyotimiza vigezo vyote vya madaktari. Waliobaki walikuwa nayo kwa kiwango cha chini kidogo. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walibaki asilimia 54.7.

Jamani! Wengi wakisikia hivyo wanashangilia ile 6.5 na kuishia hapo. Mimi naomba tusimame kwenye ile 54.7, kwa sababu ina mafundisho mawili.

La kwanza: kutoka 94 kushuka hadi karibu 55, bila vikundi. Yaani karibu watu 40 katika kila 100 walipata nafuu ya wazi ndani ya miezi michache bila tiba ile. Sonona mara nyingi huja na kupungua, na mtu hupimwa akiwa pabaya zaidi. Fikiria sasa: kama wote hao wangepewa chai ya majani fulani, tungekuwa na mashahidi 40 wanaoapa kwamba chai ile inaponya. Wasingekuwa waongo. Wangesema walichopitia. Lakini tukisema "nilifanya hivi, kisha nikapona, kwa hiyo hiki ndicho kilichoniponya," tunaruka hatua. Katika mantiki kosa hilo ni la zamani sana, na hata kwenye mikesha yetu lipo.

La pili ndilo linalonigusa zaidi. Masaka ni nchi ya Wakatoliki wengi. Ndiko alikoongoza Joseph Kiwanuka, askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati hizi, aliyewekwa wakfu mwaka 1939 na Papa Pius XII huyo huyo. Ni vigumu kuamini kwamba katika vijiji vile hapakuwa na watu wa rozari. Na kura haichagui: wenye kusali na wasiosali, wenye imani kubwa na wenye imani ya kusuasua, waliangukia pande zote mbili. Kwa hiyo tofauti kati ya 6.5 na 54.7 haikuwa tofauti ya imani. Ilikuwa tofauti ya kupata msaada au kuukosa.

Sisemi sala haina kazi. Mungu si kidonge cha kuwekwa kwenye mizani, na Bwana wetu alikataa kumjaribu Mungu. Ninachosema ni hiki: tukimshuhudia rafiki yetu mwenye sonona kwamba "mimi nilisali novena ikaisha," tunazungumza kama mmoja wa wale 40. Yeye anaweza kuwa mmoja wa wale 55. Atasali novena ile ile, kwa machozi kuliko yetu, na asubuhi atashindwa kuamka kitandani. Na kwa kuwa tumemwambia dawa ni imani, atafanya hesabu rahisi: "Basi mimi sina imani. Mungu amenikataa." Hapo ushuhuda wetu, wa kweli kabisa, umemzidishia ugonjwa. Watu hufa kwa hesabu ya namna hiyo.

Mtazameni nabii Eliya chini ya mti, anaomba afe (1 Fal 19). Malaika hakumuuliza imani yake ilikwenda wapi. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili na chakula tena. Sauti ya utulivu ya Mungu aliisikia baadaye, mlimani, akiwa ameshakula.

Sisi tunajua

Turudi kwenye swali letu. Ilikuwa halali kuwaacha wale wa vijiji vya pili wangoje? Nasema ndiyo, kwa sababu moja tu: hakuna aliyejua. Lakini angalieni hoja hiyo inavyotugeukia. Tangu 2003 hatuwezi tena kusema hatujui. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa vikundi vya namna ile ile ili vitumike popote. Kutojua kulikowapa watafiti ruhusa, sisi hatunako. Watu wa vijiji vile walibeba kungoja ili sisi tujue. Tukijua halafu tukaendelea na "omba tu, itapita," tumeitupa sadaka yao, na zamu hii anayepita kando ni sisi.

Basi tufanye nini? Jumuiya zetu ndogondogo tayari ni watu wanaofahamiana na kukutana kila wiki. Tusizigeuze kliniki kwa kukurupuka: viongozi wale walifundishwa, na vikundi vilikuwa vya watu wale wale kwa wiki 16, si vya kusimulia siri mbele ya mtaa mzima. Lakini kijana anaweza kumuuliza paroko wake: tunaweza kupata mtu wa kutufundisha? Na rafiki yako akikuambia amechoka kuishi, usimwahidi kwamba utaitunza siri hiyo, usimwache peke yake, msindikize hospitali siku hiyo hiyo. Rozari mtasali njiani.

Na wewe unayesoma ukiwa upande wa wale 55: kutopona kwako si kipimo cha imani yako. Mungu hajakukataa. Mwambie mtu mmoja leo.

Mama Maria awaombee wote wanaongoja.

Ndugu yenu, Frateri.