Ushahidi wa Mwili na Ushahidi wa Ulimi

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa karne nyingi mtu aliyeumwa ndiye aliyeulizwa, na neno lake ndilo lililokuwa hoja. Siku hizi methali hiyo imetiwa katika mizani. Wataalamu wa magari yajiendeshayo wanatafuta njia ya kukijua kichefuchefu cha abiria bila ya kumwuliza abiria mwenyewe.

Magari hayo si ndoto tena. Katika mji wa Phoenix, Marekani, kampuni ya Waymo iliufungulia umma huduma ya magari yasiyo na dereva mwezi wa Oktoba 2020. Lakini dereva alipoondoka, kinga yake iliondoka pamoja naye. Dereva halevywi na mwendo ila kwa nadra, maana hujua mapema wapi atakata kona na lini atakanyaga breki, na mwili wake hujiweka tayari. Abiria hana habari hiyo. Akiinamia kitabu, macho huuambia ubongo kuwa ametulia, na sikio la ndani, ambalo ndilo lihisilo mwendo, huuambia kuwa anakwenda. Habari hizo mbili hupingana, na tumbo hulipa gharama ya ugomvi wao. Katika gari lijiendeshalo kila mtu amekuwa abiria.

Mizani ya kwanza ya dhiki hiyo ni swali. Mwaka 2011 Keshavarz na Hecht walitoa kipimo ambacho kwacho msafiri hutaja kila dakika namba moja baina ya 0 na 20. Kipimo hicho ni chepesi, lakini kina kasoro. Aulizwaye kila dakika hukumbushwa ugonjwa ambao pengine angalikwisha kuusahau. Mwenye haya hutaja namba ndogo. Na aliyelala hawezi kujibu.

Mizani ya pili ni mwili. Vyombo vidogo vikifungwa vidoleni hupima jasho kwa jinsi ngozi ipitishavyo umeme. Vingine huhesabu mapigo ya moyo. Elektrodi zikibandikwa juu ya tumbo hufuata mawimbi yake, ambayo kwa mtu mzima aliyetulia ni kadiri ya 3 kwa dakika, na ambayo aghalabu huvurugika kichefuchefu kiingiapo.

Husemwa kwamba mwili hauna haya, kwa hiyo hauwezi kusema uongo. Ni kweli, walakini kutosema uongo si sawa na kusema waziwazi. Jasho huletwa na kichefuchefu, na huletwa pia na joto na hofu. Moyo huenda mbio kwa dhiki, na huenda mbio kwa furaha. Mashine ilijuaje, basi, kuwa ishara fulani ni ya kichefuchefu wala si ya jua la mchana? Ilifundishwa. Walitafutwa watu, wakapandishwa garini, wakapimwa, wakaulizwa wanajionaje. Na majibu ya ndimi zao ndiyo yaliyozipa ishara hizo maana. Ulimi ulikuwa mwalimu wa mashine. Mwanafunzi huyo akija kusema kuwa ulimi hauna haja tena, atakuwa amekata tawi alilokalia.

Hata hivyo si haki kuudharau ushahidi wa mwili. Mtoto mchanga hana maneno, bubu hasikilizwi upesi, na mgeni huona aibu kulalamika. Kwa hawa, gari litambualo jasho baridi na kupunguza mwendo ni rehema. Basi cheo cha kipimo ni cha mkalimani, si cha kadhi.

Tofauti ya vyeo hivyo huonekana siku ya mgongano. Kipimo kikisema kuwa abiria anaumwa, naye akasema ni mzima, inatosha kumwuliza tena kwa upole. Abiria akisema anaumwa, na kipimo kikasema ni mzima, gari halina budi kupunguza mwendo. Likikosea kwa kumwamini, hasara yake ni dakika chache za safari. Likikosea kwa kumkanusha, mtu huumwa mara mbili: mara ya kwanza kwa tumbo, na mara ya pili kwa kuambiwa kuwa haumwi. Aliyekabidhi usukani hakukabidhi ulimi wake.