Haki ya Mhitaji: Msaada wa Kidini kutoka Vijiji vya Hali ya Hatari hadi Kimbo

Miongoni mwa maswali ambayo dini zimeyabeba kwa karne nyingi bila kuyamaliza limo hili: mtu wa imani anapompa aliyekimbia machafuko chakula, blanketi au kodi ya nyumba, je, anatoa kilicho chake kwa hiari yake, au anamrudishia mhitaji kilicho haki yake? Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa la madarasa ya teolojia, yaani elimu inayomhusu Mungu, lakini jibu lake ndilo linaloamua nani ataandikwa kwenye orodha ya wagawiwa, nani ataulizwa dini na kabila lake kabla ya kupimiwa unga, na nani atathubutu kuhoji unga ukipungua. Katika Kimbo, mtaa wa wapangaji ulio kati ya Githurai na Ruiru, swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mji wa Ruiru, ambao sensa ya 2009 iliukuta na watu 238,858 na ile ya 2019 ikaukuta na 490,120, umejazwa na watu waliotoka kwingine: waliofuata kazi Nairobi, waliotoka Bonde la Ufa baada ya machafuko ya uchaguzi, na wakimbizi wa Kongo na Sudan Kusini ambao wamepanga vyumba katika mitaa ya Barabara ya Thika kuanzia Roysambu na Kasarani kwenda juu.

Fikra za Kiislamu zimelijibu swali hili kwa kutenganisha zaka na sadaka. Sadaka hutolewa kwa hiari, ilhali zaka ni faradhi inayomlazimu kila Muislamu ambaye mali yake imefikia nisabu, yaani kile kiwango cha chini kilichowekwa, na ikakaa mwaka mzima; kwa fedha na dhahabu, fungu hilo ni moja ya arobaini. Kurani inalitaja fungu la maskini kuwa ni haki inayojulikana iliyomo ndani ya mali ya tajiri, na katika makundi manane yanayostahili zaka inamweka pia msafiri aliyekwama njiani, ambaye wanazuoni kadhaa wa zama hizi wanamsoma kuwa ni pamoja na mkimbizi. Upande wa Ukristo, Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4 aliyejenga nje ya mji wake makao ya wagonjwa, wasafiri na maskini, alifundisha kwamba ziada iliyofungiwa ghalani ni mali ya wenye njaa. Na Thomas Aquinas, katika karne ya 13, akafika mbali zaidi aliposema kwamba anayechukua cha mwingine kwa dhiki ya kufa hatendi wizi. Dini hizo mbili, kwa hiyo, zinakubaliana kuliko waumini wake wanavyodhani, kwani zote zinamwona mtoaji kuwa mdaiwa.

Tofauti kati ya deni na fadhila hujitokeza wazi wakati wa vita, na Kiambu, ambako Kimbo ipo leo, iliionja kwa uchungu. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na hasa tangu katikati ya 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na kulindwa na askari wa jamii, walioitwa Home Guard. Njaa na maradhi viliingia humo upesi, kwa sababu watu walizuiwa kwenda mashambani ila kwa saa chache, na watoto ndio walioumia kwanza. Misaada ilikuja: maziwa na uji vikagawiwa, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vikafunguliwa, wamisionari na wafanyakazi wa Baraza la Kikristo la Kenya wakaingia vijijini na katika kambi za kizuizini. Hata hivyo, serikali iliifanya huduma hiyo kuwa sehemu ya mpango wake wa kuwarekebisha watu, yaani kuwatoa katika kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililoupiga vita ukoloni, kwa kukiri na kuahidi utiifu, na mama aliyeonekana kushirikiana alikuwa karibu zaidi na sufuria ya uji kuliko aliyenyamaza.

Hapa ndipo kosa la kifalsafa linapoonekana bila pazia. Uji ule ulikuwa uji wa kweli na ulimshibisha mtoto, na huenda waliousambaza waliwapenda watoto wale kwa dhati; lakini ulipogeuka kuwa bei ya dhamiri, ulimpokonya mama kitu ambacho hakuna kibaba kinachoweza kukilipa, nacho ni uhuru wa kusema ndiyo au hapana mbele ya Mungu wake. Wapo waliolitambua hilo wakati uleule. Kasisi Bewes wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza alimpelekea Gavana Baring taarifa za mateso mwaka 1953, na mwanzoni mwa 1955 chama hicho kilichapisha hadharani malalamiko yake dhidi ya ukatili wa vyombo vya serikali. Wapo pia ndugu wa Uamsho, Wakristo wa Kikuyu waliokataa kula kiapo na wengi wao wakakataa vilevile kubeba silaha za Home Guard, wakawa hawana kimbilio upande wowote. Ushuhuda wa watu hao wasio na cheo una thamani kuliko taarifa nyingi za makao makuu, nao umeandikwa kidogo mno.

Nusu karne baadaye nchi ilitumbukia tena. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyoyachunguza, na nyumba za ibada hazikusalimika: tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliolikimbilia. Katika mji uleule Askofu Cornelius Korir aliufungua uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, ukawapokea watu wapatao 10,000. Huko Kiambu, wasio Wakikuyu waliotishwa na majirani zao walikimbilia Kituo cha Polisi cha Tigoni. Mwezi Februari mwaka huo Baraza la Taifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa na hivyo kushindwa kulikabili janga. Ungamo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayegawa msaada kwa jina la Mungu, kwa sababu kasisi aliyehubiri kwa ajili ya mgombea wa kabila lake hawezi, wiki tatu baadaye, kuaminiwa na mhitaji wa kabila jingine, hata akija na lori zima la mahindi.

Korir, ambaye alifariki mwaka 2017, alielewa kwamba kugawa chakula ni mwanzo tu. Njia aliyoiita Amani Mashinani ilianza kwa kuzikutanisha jamii zilizopigana katika vikao vidogo, kila upande ukisikilizwa peke yake kwanza, kisha ikazipa kazi za pamoja kama barabara na shule, ambazo kila upande ulizihitaji na hakuna ambao ungeweza kuzikamilisha bila mwenzake. Hayo ndiyo maendeleo ya jamii kwa maana yake kamili, yaani watu kupata uwezo wa kuamua na kutenda juu ya maisha yao, wala si orodha ya miradi yenye vibao vya wafadhili. Mji wa Thika una mfano wa zamani zaidi: huduma ya Jeshi la Wokovu kwa watu waliopoteza kuona, wakiwemo askari wa Vita Kuu ya Pili, ilizaa mwaka 1946 shule ya wasioona ambayo imesomesha vizazi vya Wakenya. Mtu aliyeletwa kuhurumiwa alifundishwa kusoma kwa vidole, akatoka akiwa mwalimu wa wengine.

Kwa mkimbizi wa Kimbo, hata hivyo, hatua hiyo ya pili, ya kujitegemea, imewekewa ukuta. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao walimheshimu mgeni kwa kumtarajia afanye kazi. Lakini sheria na amri za serikali zimemnyima jembe kwa miaka mingi. Desemba 2012 wakimbizi wote wa mijini waliamriwa kurudi kambini. Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo Julai 2013. Machi 2014 ikatolewa nyingine, na mwezi uliofuata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 imepanua nafasi ya kufanya kazi, ingawa karatasi zinapatikana kwa taabu. Shirika la kidini linalolipa kodi ya chumba kila mwezi na kunyamaza kuhusu kibali cha kazi linatimiza nusu ya deni lake.

Hoja moja inastahili kujibiwa kwa heshima. Muumini anaweza kusema kwamba anatoa kwa ajili ya Mungu, na kwamba kumtaka afiche imani yake ni kumtaka atoe bila sababu ya kutoa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu, na wanaotaka msaada wote uvuliwe dini hawajafikiria ni nani hubaki kijijini baada ya wafadhili kuondoka. Hakuna anayedai imani ifichwe; kinachokataliwa ni kuiuza. Kanuni za maadili za mwaka 1994, zilizoandaliwa na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika kama Caritas na Shirikisho la Walutheri Duniani, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, na Papa Benedikto wa 16 aliandika mwaka 2005 kwamba upendo hautendwi ili kupata waongofu. Kurani nayo inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani.

Kinachobaki ni utendaji, na unaweza kuanza Kimbo bila kusubiri mfadhili. Kamati za makanisa na misikiti zinazokusanya unga, kodi na karo zisome hesabu zake hadharani, mbele ya wanaopokea, kwa Kiswahili kinachoeleweka na Mkongomani na Mturkana. Ziwape wapokeaji viti ndani ya kamati zenyewe, wakiwemo wa dini nyingine. Na yeyote anayehoji mgao asiondolewe kwenye orodha.