Ujuzi ni Mali ya Nani?

Mtu akilima shamba lake kwa jasho lake, mazao ni yake, wala hapana awezaye kusema kuwa amemdhulumu jirani kwa kuyauza. Je, ujuzi nao ni vivyo hivyo? Mtu akikesha miaka mingi juu ya vitabu mpaka akawa daktari, mwanasheria au mhandisi, ana haki ya kuuuza ujuzi wake kwa bei aitakayo, na kumfungia mlango asiye na kitu? Swali hili si la wakubwa peke yao. Ninyi mnaosoma leo ndio mtakaoulizwa kesho, na huenda aulizaye akawa mtu asiyeweza hata kuziona nyuso zenu.

Wako wanaojibu upesi kwamba ujuzi ni mali ya aliyeutafuta. Hoja yao si ya kudharauliwa. Daktari naye hula, huvaa na husomesha watoto, na wahenga walisema kuwa mkono mtupu haulambwi. Dawa hununuliwa, na vyombo vya upasuaji haviokotwi njiani. Atoaye vyote bure leo, kesho hana cha kutoa. Wengine hushika upande wa pili, wakasema kwamba kumtoza mgonjwa fedha ni ukatili. Badala ya kushindanisha maneno, na tumtazame mtu mmoja aliyelijibu swali hili kwa kazi yake.

Mtu huyo ni Govindappa Venkataswamy, aliyezaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Vadamalapuram, kusini mwa India. Shule yake ya kwanza haikuwa na karatasi wala kalamu; watoto waliandika juu ya mchanga wa mtoni. Vifo vya wanawake wa ukoo wake waliokuwa wajawazito vilimtia nia ya kuwa daktari wa uzazi. Alihitimu mwaka 1944 mjini Madras, uitwao Chennai siku hizi, akaingia jeshini. Huko akashikwa na ugonjwa mkali wa baridi yabisi, vidole vyake vikapinda, na mwaka 1948 akaliacha jeshi. Kwa mikono ile hakuweza tena kuzalisha. Basi akageukia macho, akajizoeza kidogo kidogo kukishika kisu kwa vidole vilivyopotoka, hata akaweza kulipasua jicho, kiungo kisichovumilia kosa hata la upana wa unywele. Katika maisha yake alifanya operesheni zaidi ya 100,000.

Yamkini mtu atasema: ikiwa upo ujuzi ambao ni mali halisi ya mwenyewe, basi ni huu, uliopatikana kwa maumivu makubwa namna hii. Lakini na tufikiri zaidi. Hapana mpasuaji aliyejifunza kwa macho yake mwenyewe. Kila mmoja alijifunza kwa macho ya wengine, na aghalabu ni macho ya maskini waliolazwa katika hospitali za serikali. Walimu walimwelekeza, na wagonjwa walimwamini alipokuwa bado mwanafunzi. Shamba la ujuzi hulimwa kwa majembe mengi, ingawa mavuno huwekwa katika ghala la mtu mmoja. Basi mwenye ujuzi ana deni. Lililobaki ni kujua namna ya kulilipa.

Mwaka 1976 Venkataswamy alistaafu kazi ya serikali, akiwa na umri ambao wengi hutafuta kivuli na kiti cha kupumzikia. Yeye, pamoja na ndugu zake, alifungua hospitali ya macho ya vitanda 11 katika nyumba moja mjini Madurai, akaiita Aravind. Adui wao mkubwa alikuwa mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifunika lenzi ya jicho mpaka nuru isipite. Ugonjwa huu hauondoki kwa dawa, ila operesheni fupi huurudisha mwanga. Kwa hiyo wengi waliopofuka hawakupofuka kwa kukosekana tiba duniani. Tiba ilikuwapo, nao walikuwa mbali nayo.

Njia waliyoifuata ilikuwa hii. Mwenye uwezo hulipa, na ziada ya malipo yake humtibu asiye na uwezo. Alipaye hupata chumba kizuri, na asiyelipa huenda akalala juu ya mkeka. Lakini madaktari ni wale wale, kwa zamu, na ujuzi hautolewi kwa mizani mbili. Aliyelipa hakudhulumiwa, maana alipata tiba aliyoilipia. Wasichana wa vijijini walifundishwa kazi zote zisizohitaji mkono wa mpasuaji, na mpasuaji aliwekewa meza mbili, ili amalizapo mgonjwa mmoja, wa pili awe tayari. Hivyo daktari mmoja aliweza kuwahudumia wengi kwa siku moja.

Hata hivyo, walitambua kwamba mlango ulio wazi hautoshi. Kipofu wa kijijini hana nauli, hana chakula cha safari, wala hana wa kumshika mkono. Kwake neno bure bado lina bei kubwa. Ndipo wakazidisha kwenda vijijini kupima macho, wakawachukua wagonjwa kwa basi, wakawalisha na kuwarudisha makwao. Mwaka 1992 walianza kutengeneza wenyewe lenzi za kuwekwa ndani ya jicho, na bei yake ikashuka hadi dola 10 hivi, hali zile za kigeni ziliuzwa kwa bei kubwa zaidi. Venkataswamy alifariki mwaka 2006, lakini kazi haikufa naye, kwa kuwa haikutegemea wema wa mtu mmoja.

Twasema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, lakini daktari huyu alitia na daftari la hesabu kando ya moyo. Huruma isiyo na utaratibu huchoka upesi, na utaratibu usio na huruma ni duka tu.

Hapa kwetu Kenya pia mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa kupita zote ya upofu. Kila bibi aliyepofuka huhitaji mtu wa kumwongoza, na mara nyingine mtu huyo ni mjukuu ambaye angekuwa darasani. Upofu wa mmoja hufunga njia ya wawili.

Basi ujuzi ni mali ya nani? Naona kwamba ni amana. Mtunza amana ana haki ya ujira wake, wala hapana wa kumlaumu kwa kula. Ila hana haki ya kuifungia kabatini wakati wenyewe wanaihitaji. Mtakapochagua kazi, mtauliza mshahara ni kiasi gani, na hilo si kosa. Ulizeni na swali la pili: asiye na nauli atanifikiaje?