Jina Kabla ya Undugu

Usiku wa kwanza, Ricky Baker anatoroka. Ni mtoto wa mjini, mnene, mwenye maneno mengi, aliyezungushwa kwa walezi mpaka wakaisha wa kumpokea. Gari la ustawi wa jamii limemshusha kwenye shamba lililo pembezoni mwa msitu, huko New Zealand, kwa mama mmoja aitwaye Bella na mumewe Hec. Kitandani amekuta chupa ya mpira imejazwa maji ya moto, amewekewa apate joto. Hata hivyo giza likitanda anashika njia, na asubuhi anakutwa amelala kilimani, hajafika mbali. Bella anakaa kando yake. Hamkemei. Anamwambia chakula cha asubuhi kiko tayari: ale kwanza, kisha akitaka aendelee kutoroka.

Filamu yenyewe ni Hunt for the Wilderpeople, ya Taika Waititi, iliyotoka mwaka 2016 kutokana na riwaya ya Barry Crump ya mwaka 1986. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikifika hapo nacheka, halafu koo linanikaba. Bella amemwachia mtoto mlango wazi, na kwa kuwa uko wazi mtoto hana tena haja ya kuuvunja. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kumwambia mtu kwamba hapa ni kwake.

Kisha Bella anafariki ghafla, na wanabaki wawili ambao wasingechaguana kamwe. Ricky ndiyo kwanza ametimiza miaka 13. Hec, anayeigizwa na Sam Neill, ni mzee wa porini, mchache wa maneno, aliyewahi kufungwa, na anayeona afadhali mbwa kuliko watu. Ofisi inataka kumrudisha mtoto, mtoto anakimbilia msituni, mzee anamfuata na kuumia mguu, siku zinakuwa wiki, na serikali inaamini kwamba mtoto ametekwa. Msako wa nchi nzima unaanza. Huko ndiko vichekesho vinakotoka, na watu wa New Zealand walizijaza kumbi kwa wingi ambao hakuna filamu ya kwao iliyokuwa imewahi kuupata.

Kilichonikaa mimi ni neno moja. Ricky anamwita Hec “anko” kabla Hec hajafanya lolote la kustahili kuitwa hivyo. Mzee hana hamu na mtoto, hana hamu na cheo hicho, na mtoto anaendelea kuita.

Sisi tuliokulia ndani ya Kiswahili tunalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Hatuna namna ya kumsemesha mtu mzima asiye ndugu ila kwa kumfanya ndugu. Shikamoo babu. Mama, sogea kidogo. Mjomba, hili fungu bei gani? Kondakta wa daladala ana mama 40 katika safari moja. Nilipokuwa kijana nilidhani hayo ni maneno ya adabu tu, maganda yasiyo na punje, na niliwahi kubishana na marehemu mama yangu kuhusu hilo kwa jeuri ambayo leo inaniuma. Sasa naona nilikosea. Jina linatangulia, na mtu analifuata nyuma, polepole, kama mtoto aliyeshonewa nguo kubwa ili aikulie. Wengine hawaikulii kamwe. Lakini bila nguo hiyo kushonwa mapema, wangekulia nini?

Na wazee wetu hawakuishia kwenye jina. Waliweka utani kati ya babu na mjukuu. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu” na kumdai posho ya sokoni. Babu anamwambia kijana kwamba yule bibi jikoni hampati ng'o, wapiganie. Baba hana ruhusa hiyo kwa mwanawe, na nadhani sababu ni kwamba baba ataulizwa. Kila akimtazama mtoto anaona kesho ambayo yeye ndiye atakayeijibia, ndiyo maana hata kicheko chake kina hesabu ndani. Babu ameshatua mzigo huo, mjukuu hajaubeba bado. Wanakutana mahali ambapo hakuna anayemdai mwenzake kitu, na hapo ndipo utani unapoweza kuwa mkali bila kuumiza.

Hec na Ricky wanaifikia njia hiyo hiyo bila mkubwa wa kuwaelekeza. Wanasemana vibaya. Mzee anamcheka mtoto kwa unene, mtoto anamcheka mzee kwa ukali wake. Kuna mahali wanakuta tangazo la polisi la kuwatafuta, na Ricky analisoma kwa sauti kwa sababu Hec hajui kusoma. Tangazo linasema mtuhumiwa ana asili ya Kaukasi. Ricky anasimama kidogo, kisha anasema wamekosea hapo, maana Hec ni mzungu waziwazi. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa bado nimebaki nyuma, kwenye jambo lile dogo kwamba mzee mwenye nguvu za kukabili msitu wote amekaa kimya akimsubiri mtoto amsomee habari zake mwenyewe.

Nilikuwa mtoto huyo. Mtaani kwetu Tanga alikuwepo fundi baiskeli tuliyemwita Babu, ingawa hakuwa na undugu nasi hata wa kuunga. Mwanawe alikuwa Muscat, na barua zilipokuja niliitwa mimi nisome, msichana wa miaka kumi. Babu alikuwa na desturi ya kufuta grisi mikononi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kabla hajaigusa bahasha. Siku moja katikati ya barua nikaukuta mstari ambao mwana alimwambia baba yake asimuulize tena habari za kurudi. Niliuruka. Nikaunganisha salamu za juu na salamu za chini, nikamaliza. Babu akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mchumba, leo umesoma mbio.” Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akanipa ringi niizungushe ili atazame kama imepinda, nami nikaizungusha mpaka jua likashuka.

Hakuuliza tena, wala mimi sikusema. Nimewahi kujiuliza kama nilimdhulumu, maana barua ilikuwa yake na mwana alikuwa wake. Lakini neno lile, mchumba, alilisema kwa sauti ile ile ya siku zote, na nadhani ndani yake alikuwa ameniambia kwamba amejua, na kwamba mzigo huo si wa mtoto wa miaka kumi kuubeba hadi nyumbani. Utani ulifanya kazi ambayo maneno ya kweli yasingeifanya bila kutuvunja wote wawili.

Ndiyo maana sikubali watu wanaposema filamu ya aina hii ni ya kupumzisha akili tu. Kicheko kati ya mzee na mtoto kina msiba ndani yake. Ricky na Hec wote wamempoteza Bella, na hakuna hata mmoja anayejua kumlilia mbele ya mwingine. Wanachoweza ni kuwinda, kubishana na kugawana chakula kilichobaki.

Filamu haifichi ugumu wa upande wa pili. Wawindaji watatu wanamsikia Ricky akieleza maisha yake na mzee, wanamwelewa vibaya kabisa, na kuanzia hapo nchi nzima inaamini ubaya. Woga huo nauheshimu, kwa sababu watoto wanaumizwa kweli, na mara nyingi na watu wanaoitwa anko. Afisa wa ustawi wa jamii anarudia kila mahali kwamba hakuna mtoto atakayeachwa, na faili lake lina orodha ndefu ya makosa ya Ricky: kuiba, kutema mate, kurusha mawe. Yote ni kweli. Ila chupa ya maji ya moto haimo. Wamaori wenyewe wana desturi ya kale, whāngai, ya mtoto kulelewa na jamaa wasio wazazi wake, na Waititi, ambaye baba yake ni Mmaori, anajua kuna malezi ambayo faili haliwezi kuyashika.

Mwishoni mwa yote, baada ya kukamatwa na kuachana, Hec amejifunza kusoma. Ricky hutunga haiku, vishairi vya mistari mitatu, na mzee naye anatunga cha kwake kuhusu safari yao. Kisha wanaingia tena msituni kumtafuta huia, ndege ambaye mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1907. Wao wanadai walimwona wakiwa mafichoni. Hakuna shahidi mwingine.