Siku Tatu Brussels, na Swali la Nani Alilipa

Wazungu wana aina ya safari ambayo sisi hatujaipa jina. Mtu anafunga begi dogo Ijumaa jioni, anapanda treni au ndege kwenda mji mwingine mzuri, analala huko siku mbili tatu, anatembea, anakula, anapiga picha, halafu anarudi kazini. Hakuna mgonjwa aliyemfuata, hakuna msiba, hakuna aliyemfukuza. Amekwenda kuona tu. Kwetu mtu akisema amesafiri siku tatu na begi dogo, unamuuliza kwanza nani alibaki nyuma.

Safari hizo sizionei wivu, au labda kidogo tu. Kinachonisumbua ni swali: mtu anayejua uzuri wa mji ulilipwa na nani, ana haki ya kuufurahia? Nikichukua mji usiotuhusu, swali halitauma. Kwa hiyo nachukua Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Sisi tuliotoka Kongo unatuhusu, hata kama wengi wetu bila kibali hatufiki hata Kasulu mjini.

Lazima niseme ukweli kwanza: si kila kitu cha Brussels ni chetu. Uwanja wao mkubwa wa katikati, Grand-Place, wenye nyumba ndefu zilizopakwa dhahabu, ulipigwa na mizinga ya Wafaransa mwaka 1695, na wafanyabiashara wa mji wakaujenga upya kwa miaka michache. Kongo haikuwamo. Karibu na hapo kuna njia ya maduka yenye paa la kioo, ilifunguliwa mwaka 1847, watu wanapita humo wakinunua chokoleti. Na kuna sanamu ya mtoto mdogo wa shaba anayekojoa hadharani, ambaye amepewa nguo zaidi ya elfu moja. Mimi ninayesimama kwenye mstari wakati wa mgao wa nguo sina maoni juu ya mtoto huyo.

Ukitoka katikati ya mji ndipo hesabu inapobadilika. Kuna tao kubwa lenye milango mitatu, kwenye bustani ya Cinquantenaire, lililomalizika mwaka 1905. Mfalme Leopold wa Pili alilijenga kwa fedha zilizotoka Kongo, akizipitisha kwa watu wengine ili jina lake lisionekane. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi yetu ilikuwa mali yake binafsi, yaani shamba lake, na hakuikanyaga hata siku moja. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni. Kijiji kilichopungukiwa na kipimo kilichomwa, wanawake walishikwa mateka, mikono ilikatwa. Hayo wazee wetu wameyasimulia na vitabu vimeyaandika.

Lakini tao ni rahisi kulichukia, kwa sababu linajivuna. Kigumu ni nyumba. Fundi mmoja aliyeitwa Victor Horta alijenga Brussels nyumba ambazo chuma chake kinapinda kama mzabibu na ngazi zake zinapanda kuzunguka mwanga. Nne kati ya hizo ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Moja aliijengea Edmond van Eetvelde, aliyeiendesha Kongo ya Leopold kutoka ofisini Ulaya. Ndani kuna mbao za thamani kutoka Kongo, na katikati kuna chumba chenye kuba la kioo cha rangi, mwanga unashuka kama uko chini ya mti mkubwa. Nimeitazama kwenye picha za simu mara nyingi. Ni nzuri. Nimejaribu kuiona mbaya nikashindwa.

Suala hili nililipeleka kwenye mdahalo wa Jumamosi wa kundi la vijana ninalolisimamia: Mkongomani akifika Brussels, aingie nyumba ile au asiingie? Kijana mmoja alisema asiingie kabisa, kwa sababu kusifu nyumba ya mwizi ni kumsaidia mwizi. Binti mmoja akasimama: bibi akiuza ng'ombe zake ili mjomba asome, mjomba akajenga, bibi atasimama nje ya geti? Ataingia na atakaa kwenye kiti kikubwa! Watu wakapiga makofi sana. Mimi sikupiga. Bibi alitoa ng'ombe kwa mapenzi yake. Wale wa mpira hawakutoa, walinyang'anywa, na hakuna mjomba aliyewaita kuja kukaa.

Mfano wangu mimi ni wa fundi cherehani. Mtu ameiba kitenge chako, amempelekea fundi hodari, fundi ameshona suti inayopendeza. Ukimkuta mwizi njiani amevaa, utasema suti ni mbaya? Utakuwa unasema uongo. Utasema: imependeza, na kitenge ni changu. Maneno hayo mawili yanatoka mdomo mmoja, na hakuna linalofuta lingine. Kosa ni kusema moja tu. Anayesema "imependeza" akanyamaza amemsaidia mwizi, hapo yule kijana ana haki. Lakini anayesema "ni changu" tu, akakataa kuangalia, amejinyima hata kujua alichoibiwa.

Na kuna jambo lingine lililonifanya nisiwe mkali. Lugha hii ninayoandikia ilifikaje Kivu na Maniema? Ilikuja na misafara ya pembe na watumwa. Ilipita Bagamoyo, Tabora, Ujiji hapa hapa mkoa wa Kigoma, ikavuka ziwa mpaka Kasongo kwa Tippu Tip. Mwaka 1887 huyo huyo Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Leopold kule Stanley Falls. Wako waliokwenda pwani kwa njia hiyo wamefungwa shingoni. Leo mama anambembeleza mtoto kwa Kiswahili, tunaomba kwa Kiswahili, tunatongozana kwa Kiswahili, na hakuna anayeona haya. Wala sisemi tuone haya. Nasema tu kwamba tukitaka uzuri usio na damu nyuma yake, tutabaki bubu.

Sasa mtu asije akasema nimewasamehe. Mwaka 1897 Leopold alifanya maonyesho Tervuren, pembeni ya Brussels, akaletewa Wakongomani 267. Waliwekwa kwenye vijiji vya kuigiza ndani ya bustani, watu wakapita kuwatazama. Saba walikufa wakazikwa hapo: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. (Wageni wanaotembelea kambi na kamera nawaomba wasome mstari huo mara mbili.) Baadaye yakajengwa makumbusho makubwa ya Afrika, yakafungwa miaka mitano kutengenezwa, yakafunguliwa tena Desemba 2018 ili yasimulie habari kwa namna nyingine. Waliosimulia kwa namna ya kwanza walikuwa na miaka mia moja ya kusema peke yao.

Kwa hiyo siku zangu tatu, kama ningezipata, ningezipanga kinyume na vitabu vya watalii. Siku ya kwanza Tervuren, makaburi kabla ya makumbusho. Siku ya pili nyumba ya Horta, na humo ningeangalia kile kioo mpaka shingo iume, sitaki kuharakishwa. Siku ya tatu Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, kwenye vinyozi na maduka ya sombe na samaki wa chumvi. Ukingoni mwa mtaa huo kuna kiwanja kilichopewa jina la Lumumba mwaka 2018. Dhahabu za Grand-Place ningezipitia usiku, muda ukibaki.

Nanyi wenzetu wa mashirika mnaopita Brussels mkienda likizo: tramu namba 44 kutoka Montgomery inakwenda mpaka Tervuren. Makaburi saba yako kando ya kanisa, nje, na hakuna kiingilio.